Goma: Watoto waliohama vita si wajinga wa hesabu, wafundishwe kwa Kiswahili

Kuna neno linalozunguka katika shule nyingi za mji wa Goma: eti watoto wa familia zilizokimbia vita Rutshuru na Masisi hawana kichwa cha hesabu. Kwa sababu hiyo, mtoto aliyefika mwaka wa pili anarudishwa mwaka wa kwanza, na mzazi anakubali kwa haya. Neno hilo ni uongo, na lazima likomeshwe.

Tazameni namna hesabu inavyofundishwa. Mwalimu anaandika ubaoni 9 + 6, na darasa lote linaimba kwa Kifaransa: « neuf plus six égale quinze ». Mkaguzi akipita, anafurahi. Lakini mtoto huyo huyo akiulizwa 9 + 7, ananyamaza. Hakuhesabu, aliimba tu.

Sasa mfuateni sokoni Virunga ama Kituku. Mama yake anauza mandazi, moja franka 100. Mteja anachukua matatu na kutoa noti ya franka 500. Mtoto anarudisha 200 bila kalamu wala karatasi. Kichwa cha hesabu anacho. Kinachomshinda ni lugha.

Na hapa Kiswahili kinasaidia kuliko watu wanavyofikiri. « Quinze » haimwonyeshi mtoto kitu. « Kumi na tano » inamwambia wazi: kumi moja, na tano juu yake. Hapa kwetu watu wanasema hata « makumi mbili na tatu » kwa 23. Hesabu yote ya mwaka wa pili imo ndani ya maneno hayo.

Kwa 9 + 6, mtoto achukue jiwe 1 kwenye yale 6, aliongeze kwenye 9. Zimekuwa kumi, zimebaki tano: kumi na tano. Kwa 23 − 7, afunge vijiti kumikumi kwa uzi. Ana mafungu mawili na vijiti 3. Vijiti 3 havitoshi kutoa 7, basi afungue fungu moja: sasa ana 13 mkononi. Akitoa 7 zinabaki 6, na lile fungu moja: 16. Mtoto aliyefanya hivyo kwa mikono yake hasahau.

Wengine watajibu kwamba vifaa hakuna. Katika mji huu uliojengwa juu ya lava ya Nyiragongo, nani anakosa mawe? Vifuniko vya chupa vinatupwa kila siku, na maharagwe yakishahesabiwa yanarudi kwenye chungu.

Wengine watasema mtihani wa mwaka wa sita unafanywa kwa Kifaransa. Ni kweli, na Kifaransa kifundishwe. Lakini mtoto anayejua maana ya kutoa atajifunza neno « moins » kwa siku moja. Yule anayejua neno bila maana atafika mwaka wa sita akiwa bado anaimba. Isitoshe, sheria ya elimu ya taifa ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia. Anayezikataza darasani anafuata mazoea, hafuati sheria.

Ni kweli pia kwamba tangu elimu ya msingi iwe ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kupitia kila dawati. Ndiyo sababu watoto waketi wannewanne na mawe yao, anayejua amwonyeshe mwenzake.

Wakurugenzi wa shule waache kumrudisha mtoto nyuma kabla ya kumpima kwa lugha anayoisikia. Na ninyi wazazi, hata mkiishi ndani ya hema ama kwa familia iliyowapokea, msiogope kwamba hamkusoma. Jioni, mpeni mtoto maharagwe kumi, mfiche manne, mumuulize: mangapi yamefichwa? Mtoto amekwisha kupoteza nyumba na shamba. Asipoteze na hesabu.