Turudishieni takwimu nyuma ya kadi



Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu kadi za besiboli, ambazo nazikusanya hapa Marekani.

Mwaka 1952 kampuni ya Topps ilitoa kadi zenye picha ya mchezaji mbele, na nyuma takwimu zake za msimu uliopita na za tangu aanze kucheza. Mtoto aliujua mchezo kwa kusoma kadi. Siku hizi kadi nyingi ukizigeuza unakuta picha ileile ya mbele imekatwa ikabaki sura, sentensi mbili za sifa, na maandishi ya kisheria madogo kama chawa. Takwimu ni za msimu mmoja, au hakuna kabisa.

Saini nazo! Mchezaji anasaini kibandiko, kisha kiwandani kinabandikwa kwenye kadi ambayo yeye hajawahi kuigusa. Nataka wino juu ya kadi yenyewe. Na ule mng'aro unaobaki na alama za vidole ukiugusa tu, kampuni ziupunguze. Karatasi ya kawaida yatosha.

Tangu 2024 takwimu za ligi za weusi, Negro Leagues, zimeingizwa katika kumbukumbu za ligi kuu, na sasa Josh Gibson, aliyecheza katika ligi hizo, ndiye anayeongoza kwa wastani wa upigaji wa maisha yote: 0.372. Kadi mpya ya Gibson isiyo na namba hiyo nyuma sitainunua, na wakusanyaji wenzangu nawaomba msiinunue.

Wako,
Mkusanyaji kadi,
Minneapolis