Kanda Si Takataka

Siku hizi umezuka mtindo wa kuisifu santuri kupita kiasi. Wapo wenzetu, wengi wao wasomi na wakaazi wa mijini, wasemao kwamba muziki haukupata kuwa na maskani bora kuliko ile sahani nyeusi, na kwamba kaseti ilikuwa chombo duni kilichojaa mvumo. Wapo na wengine, vijana hasa, wasemao kwamba maadamu flashi imekuja, hakuna haja ya kulimbikiza kanda ndani ya nyumba. Makundi haya mawili hubishana sana, lakini mwisho wa maneno yao ni mmoja: kanda hutupwa. Nami nayapinga yote mawili.

Tuanze na santuri, tena kwa heshima yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alisafiri hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na sahani zile zikaieneza sauti yake katika pwani yote. Hakuna mwenye akili atakayeidharau kazi ile. Wala chombo chenyewe hakikutaka umeme. Kilitiwa ufunguo kwa mkono, kikaimba barazani. Lakini sahani ya inchi 10, yenye kuzunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua dakika tatu na kitu tu kila upande. Wimbo wa taarabu ulio kamili una ala za kufungulia, una beti na kiitikio, una fidla inayomjibu mwimbaji, na una mstari unaorudiwa kwa kuwa wasikilizaji wameupenda. Yote hayo utayatia wapi katika dakika tatu? Ama wimbo utapasuliwa, msikilizaji aigeuze sahani katikati ya maana, ama beti ziachwe. Nasi watungaji twajua kuachwa kwa ubeti ni nini. Mara nyingi ubeti wa mwisho ndio ufumbuao fumbo lililofungwa katika wa kwanza.

Nitajibiwa kwamba tangu mwaka 1948 ilikuwako santuri ya mizunguko 33, yenye kuchukua zaidi ya dakika 20 kila upande. Kweli, ilikuwako, wala sikatai kwamba sauti yake, ikipata sindano njema, ni nene na safi kuliko ya kaseti. Lakini ilikuwako kwa nani? Santuri hutaka kiwanda, na Pemba haikupata kuwa na kiwanda hicho. Hutaka pia mfanyabiashara aliyeona faida. Duka la Assanand la Mombasa lilitoa santuri kwa nembo ya Mzuri, na kama duka lolote lilitoa kilichouzika. Silaumu, ndiyo biashara. Ila nani angaliichapishia sahani msewe, au kirumbizi, au maulidi ya kijijini?

Ndipo ilipokuja kaseti, iliyotolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Fadhila yake haikuwa katika sauti, bali katika kile kitufe cha kurekodia. Chombo kilichosema ndani ya nyumba ya mtu wa kawaida kiliweza sasa na kusikia. Huko Mombasa, Mbwana Radio Service walirekodi na kuuza kanda za taarabu bila ya kungoja kiwanda cha sahani. Na hapa kwetu Mtambile, ambako watu wengi hawakuwa na umeme (waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haukufika Pemba hadi mwaka 2010), redio kaseti ya betri ilinunuliwa msimu wa karafuu, ikatandikiwa kitambaa juu ya kabati kama mgeni wa heshima. Ilipelekwa harusini. Ilipelekwa Kengeja kwenye mchezo wa ng'ombe. Dakika 30 kila upande kwa kanda ya 60, dakika 45 kwa kanda ya 90, mwimbaji hakukatwa tena kauli. Humo mna vigelegele, mna mtoto aliaye, mna na jogoo. Mpenzi wa santuri husema hizo ni kasoro. Lakini taarabu isiyo na mtu wa kuinuka akatunza ni taarabu gani?

Maradhi ya kaseti nayajua. Ni utepe mwembamba wa plastiki uliopakwa unga wa madini ya chuma. Joto huulegeza, unyevu wa masika huuotesha kuvu, na mashine mbovu huutafuna. Nakala ya nakala huzidisha mvumo. Tena ole wake aliyeacha kuvunja vile vijino viwili vya mgongoni, akaja kijana akarekodi mpira wa redioni juu ya sauti ya bibi yake! Maradhi hayo yanatutaka tufanye haraka kunakili. Hayampi mtu ruhusa ya kutupa.

Flashi nayo ina manufaa, lakini imebeba nini? Aghalabu imebeba kilichokwisha kutiwa katika intaneti na mtu mwingine. Msewe uliorekodiwa uani mwa mtu haumo humo, wala hautaingia wenyewe. Na flashi ikifa, hufa yote kwa mara moja. Kanda ikikatika huungwa, ukapotea mstari mmoja.

Katika ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, nimeshuhudia sanduku la kanda za mashindano ya ngoma likitolewa nje pamoja na viti vilivyovunjika. Risiti za dizeli zilibaki kabatini, kila moja na nambari ya faili lake.

Linalotakiwa halina gharama kubwa. Kila wilaya iwe na mashine moja nzima ya kaseti, kompyuta moja, na kijana aliyefundishwa. Mwenye kanda aje nayo, inakiliwe mbele yake, arudishiwe mkononi. Kama ni nyimbo za wanawake za ndani ya harusi, wao wenyewe waseme nani aruhusiwe kuzisikia. Na iandikwe: nani anaimba, nani katunga, wapi, mwaka gani. Hilo la kuandika ndilo la haraka zaidi, kwa kuwa wazitambuao sauti hizo ni wazee, na kila mwaka tunawazika. Wilaya ya Mkoani na ianze. Mtambile ipo njiani baina ya Chake Chake na Mkoani, haimpotezi mtu. Na kabati la kuwekea nitalitoa mimi.