Mkulima wa Muhogo na Kiberiti Chake

Kila mvua zinapokaribia, moshi hutanda juu ya mashamba yetu. Mkulima amekwisha kung'oa muhogo, amekusanya majani na magugu, kisha anatia moto, shamba liwe safi. Mwaka unaofuata akichimba viazi vyembamba husema ardhi imechoka. Ndugu yangu, ardhi hiyo umeinyima chakula wewe mwenyewe! Mashina yenye ugonjwa wa batobato au wa michirizi ya kahawia, sawa, choma. Mengine yana kosa gani?

Katika kijiko cha udongo wenye afya mna bakteria wasiohesabika. Hao ndio waozeshao majani na samadi, wakaachia naitrojeni na fosforasi kidogo kidogo, mzizi ukapata riziki yake. Wengine hukaa ndani ya vinundu vya mizizi ya kunde, mbaazi na karanga, wakinasa naitrojeni ya hewani, ile ile ambayo kiwandani hugeuzwa yuria kwa gesi nyingi na joto kali. Mholanzi Beijerinck aliwatenga bakteria wa vinundu mwaka 1888, lakini faida yao wakulima walikuwa wakiila tangu zamani.

Tazameni Ukara, kisiwa kidogo upande wa Ukerewe, chenye watu wengi na udongo wa kichanga usio na ukarimu. Wakara hawakuwa na pori la kuhamia. Walifunga ng'ombe ndani ya nyumba, wakawakatia majani, wakakusanya samadi na kuibeba kichwani hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea, ambayo nayo huota vinundu kama kunde, kisha wakaufukia ardhini ungali mbichi. Ndivyo walivyolima ardhi ile ile kizazi baada ya kizazi. Huko Peramiho nako, wamisionari Wabenediktini waliwahimiza wakulima wapande marejea, na faida yake si naitrojeni peke yake: huwapunguza pia minyoofundo, wale wanaotia uvimbe kwenye mizizi ya karoti na viazi.

Lakini mazao ya mizizi yana tabia yake. Mchicha ukistawi utauona; kiazi hujificha, na majani mengi yaweza kutudanganya. Ukizidisha naitrojeni, viazi vitamu hutambaa shamba zima kwa fahari, nawe ukichimbua tuta huambulii kitu. Samadi mbichi hufanya karoti igawanyike miguu. Basi samadi na ivundikwe pamoja na majani makavu, igeuzwe mara kwa mara, mpaka iwe nyeusi, yenye kunukia udongo, ndipo iingie kwenye tuta. Muhogo nao huondoka shambani na potasiamu nyingi; majivu ya jikoni ambayo tunayamwaga njiani hurudisha sehemu yake. Marejea yakatwe yanapoanza kutoa maua, yafukiwe, na udongo upewe majuma machache kabla ya kupanda.

Siku hizi maduka ya pembejeo huuza bakteria kwa pakiti. Sizipingi. Ila pakiti ya soya ni ya soya; muhogo hauoti vinundu, usimwamini anayekuambia vingine. Tena bakteria hao ni viumbe hai: pakiti iliyokaa juani dirishani mwa duka ni vumbi tu. Na hata walio hai, ukiwatia katika udongo uliochomwa mabaki yake yote, umeajiri vibarua ukawanyima posho.

Najua jibu linalokuja: “Shamba ni la kukodi. Nimnenepeshee mwenye shamba udongo, mwakani anipokonye?” Neno hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa kumgombeza mpangaji. Mboji haijengwi kwa msimu mmoja, na muhogo wenyewe huweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi. Kwa hiyo maneno yangu ya mwisho nawaelekezea ninyi wenye mashamba: kodisheni kwa miaka mitatu au minne, mwandikiane mbele ya mashahidi, na katika hati hiyo wekeni sharti la kutochoma mabaki. Mpangaji atakayerudisha shamba lenye rutuba kuliko alivyolikuta, apunguziwe kodi ya kipindi kinachofuata.