Uvimbe Ndani ya Vena: Picha Bila Swali Haitoshi

Mchimbaji wa dhahabu wa Geita aonapo jiwe lenye dhahabu juu ya ardhi, hatosheki nalo. Huufuata mkanda wa jiwe hilo chini kwa chini, mpaka ajue ulikotoka na unakoelekea. Desturi hiyo ya kufuata kitu hadi asili yake yafaa ishikwe pia na wapimaji wa maradhi.

Miongoni mwa uvimbe uwapatao wanawake, ulio wa kawaida mno ni fibroidi, yaani uvimbe wa misuli ya mfuko wa uzazi, ambao si saratani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wa huko huwa nao kabla ya kutimiza miaka 50. Mara chache sana, uvimbe wa namna hiyo huingia ndani ya vena za nyonga, ukatambaa kama mzizi, ukapanda katika vena kuu ya chini, na pengine ukafika katika vyumba vya kulia vya moyo. Hali hiyo huitwa leiomayomatosi ya ndani ya vena. Mjerumani Birch-Hirschfeld aliieleza mwaka 1896, na hadi leo wagonjwa walioandikwa duniani ni mamia machache tu. Ingawa seli zake si za saratani, uvimbe huo waweza kuua kwa kuziba njia ya damu moyoni.

Hatari kubwa ni kuukosea. Mgonjwa huvimba miguu, huhema kwa shida au huzirai. Picha ya moyo huonyesha kitu kinachoelea, nacho hudhaniwa kuwa bonge la damu au uvimbe ulioanzia moyoni. Dawa za kuzuia damu isigande haziyeyushi misuli. Na moyo ukipasuliwa bila nyonga kuangaliwa, mzizi hubaki na kukua tena.

Hapa ndipo fizikia isaidiapo. Altrasaundi hupeleka mwilini mawimbi ya sauti yasiyosikika, yaendayo kasi ya meta 1,540 hivi kwa sekunde, kisha huchora picha kutokana na mwangwi wake. Kanuni aliyoieleza Doppler mwaka 1842 huonyesha mwendo wa damu: bonge la damu lililoganda karibuni halina mishipa yake, bali uvimbe unayo. Siti skani na picha za sumaku huonyesha urefu wote wa uvimbe, toka nyonga hadi moyo. Uthibitisho wa mwisho hutolewa na hadubini.

Wako wasemao kwamba ugonjwa adimu hivi si kazi ya hospitali za Shinyanga na Geita, zenye wajawazito, majeruhi wa machimbo na wagonjwa wa malaria wa kuhudumia. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Mwanamke mwenye fibroidi, au aliyewahi kuondolewa mfuko wa uzazi, akija na miguu iliyovimba au pumzi fupi, kinachotakiwa si mashine mpya. Ni kukisogeza kipimo kile kile kutoka nyonga hadi kwenye ini, ili vena kuu ionekane. Tena, kazi hiyo haipotei bure, kwani huweza kufichua mabonge ya damu, ambayo ni ya kawaida zaidi na huua pia.

Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, limefupisha safari ya mgonjwa wa Geita aendaye Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza. Hata hivyo, barua ya rufaa isemayo “fibroidi” peke yake humvusha mgonjwa na kuliacha swali ng’ambo. Barua hiyo haina budi kutaja hali ya vena kuu, na kama mgonjwa amewahi kupasuliwa.

Kwa hiyo, taifa linaponunua mashine, halina budi kugharimia pia mafunzo ya wazisomao picha. Mafunzo hayo huanzia mapema. Mwalimu wa fizikia afundishaye mwangwi, na mwenzake wa biolojia afundishaye mzunguko wa damu, wakae pamoja kwa kipindi kimoja, wawaulize wanafunzi: kitu hiki kionekanacho moyoni kimetoka wapi? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo ndiye atakayemfaa mgonjwa kesho.