Jukwaa la Nchi ya Chai ni la Nani?



Huku Kericho na Bomet, ukitaja tu tamasha la jamii, yaani nyimbo na mashairi ya watu wa hapa hapa, swali la kwanza haliwi la spika wala la ukumbi. Linakuwa: nani atakubaliwa kupanda jukwaani?

Mzee wa chepkong'o, sawa, hana neno. Dada anayetunga mashairi kuhusu maisha ya wachuna majani, labda, akichunga maneno yake. Mogiek kutoka Mau, karibu, mradi asitaje msitu. Na msanii ambaye watu wanajua au wanashuku ni wa jamii ya LGBTQ? Hapo kikao kinanyamaza. Halafu mtu anasema, "Huyo atatuletea shida."

Msimamo wetu ni huu: jukwaa la jamii likifunguliwa, lifunguliwe kwa wote wanaoishi hapa, na usalama wa yule asiyependwa uwe jukumu la kila aliyekuja kusikiliza. Tunajua wengine wameshakunja uso. Tusomeni kwanza, kisha tubishane.

Tuanze na historia ya nyimbo za huku kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake, alifika Kapkatet akarekodi Wakipsigis wakiimba. Kati ya alizorekodi kuna wimbo unaoitwa Chemirocha. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilifika huku pamoja na gramafoni za wazungu. Watu walisikia sauti ya mtu wasiyemuona, wakalipa jina lake matamshi ya Kikipsigis, wakamfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swala. Wasichana wakamtungia wimbo.

Wimbo huo ukasafiri dunia nzima. Wasomi wakauandikia, wapenzi wa muziki ng'ambo wakausikiliza. Waimbaji walibaki Kapkatet. Ilichukua hadi mwaka 2015, miaka 65, kwa nakala za rekodi zile kurudishwa vijijini, kupitia maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey kule Afrika Kusini pamoja na watu wa Ketebul Music wa Nairobi. Baadhi ya waliorekodiwa wakiwa vijana walikuwa bado hai, wameshakuwa wazee. Fikiria umeimba ukiwa msichana, halafu unaisikia sauti yako ukiwa nyanya wa watu.

Hatusemi Tracey alikuwa mtu mbaya. Bila yeye huenda wimbo ule ungepotea. Tunachosema ni kwamba sauti za nchi hii ya chai zimezoea kusikika nje kabla ya kusikika nyumbani. Na mara nyingi mgeni ndiye anayeamua ni sauti gani inafaa kubebwa.

Angalia mambo ya juzi juzi. Kwa miaka wanawake wa mashambani walikuwa wakinong'ona kuhusu wasimamizi wanaodai ngono ili kutoa kazi. Februari 2023 BBC ikatoa filamu ambayo zaidi ya wanawake 70 waliieleza jinsi walivyodhulumiwa kwenye mashamba ya kampuni mbili kubwa za Uingereza. Hapo ndipo nchi ikashtuka, bunge likaongea. Lakini je, dada zetu hawakuwa na midomo kabla ya kamera kuja? Walikuwa nayo. Hawakuwa na mahali pa kusimama waseme bila kupoteza kazi na nyumba siku hiyo hiyo. Ukiishi kwenye nyumba ya kampuni na kukutana kwenye uwanja wa kampuni, hata wimbo unauimba kwa hesabu.

Ndio maana tamasha la jamii lina uzito. Linampa mtu wa hapa mahali pa kusema kabla ya mgeni kumsemea.

Wenyeji wenyewe wana mengi ya kuimba. Ardhi ya majani haya ilichukuliwa wakati wa ukoloni, na kufikia miaka ya 1920 makampuni yalikuwa yanapanda chai juu ya makaburi ya watu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, mbali na watu wao. Walikuwa wanaogopewa kwa sababu watu waliwasikiliza. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia Uingereza kuhusu dhuluma hizo, na 2022 malalamiko yakafikishwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Waogiek nao, majirani zetu wa Mau, walishinda kesi dhidi ya serikali yetu katika Mahakama ya Afrika kule Arusha tarehe 26 Mei 2017. Mahakama ilisema haki zao za ardhi, dini na utamaduni zilivunjwa. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 157.85. Hata baada ya hapo, Novemba 2023, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena Sasimwani.

Sasa utamwalika Mogiek aje aimbe nyimbo za asali, umkataze za msitu? Huo utakuwa utalii.

Tukubaliane basi kwamba msanii anakuja na maisha yake yote. Na hapa ndipo tunafika kwenye swali gumu.

Vijana wa Kalenjin ambao ni wapenzi wa jinsia moja wapo. Hawakuletwa na ndege kutoka Ulaya. Edwin Chiloba, mbunifu wa mavazi na mwanamitindo aliyejulikana kwa kutetea jamii ya LGBTQ, alikuwa mtoto wa Bonde la Ufa. Januari 2023 mwili wake ulipatikana ndani ya sanduku la bati kando ya barabara kaunti ya Uasin Gishu. Desemba 2024 mahakama ya Eldoret ilimhukumu kifungo cha miaka 50 mtu aliyekuwa akiishi naye. Kesi ile ilikuwa ya mauaji, na mahakama ilifanya kazi yake. Lakini wengi wetu tunakumbuka vicheko vilivyojaa kwenye mitandao wiki ile, kabla hata hajazikwa. Baadhi ya waliocheka walikuwa na aya kwenye picha zao za wasifu. Hilo ni letu, sio la mahakama.

Tunasikia mtu akiuliza: "Kwani sasa mnataka tuhalalishe?" Hapana. Dini yetu ina mafundisho yake kuhusu ndoa na mahusiano, na hatujaandika hapa kuyabadilisha. Hata kuhusu ala za muziki wanazuoni wamekhitilafiana, na wapo miongoni mwetu wasiokanyaga tamasha lolote. Ni haki yao. Swali letu ni lingine kabisa: mtu akisimama kuimba au kusoma shairi lake, ni halali apigwe? Ni halali afukuzwe na umati, picha yake isambazwe, kwao ajulikane, kazi apoteze? Jibu la hilo halihitaji fatwa mpya.

Tuangalie sheria pia, maana hapa watu huchanganya. Kanuni ya Adhabu, vifungu 162 na 165, inaadhibu vitendo, na Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Hiyo ndiyo hali ilivyo. Lakini Februari 2023 Mahakama ya Upeo ilisema pia kwamba kuwanyima watu hawa kusajili shirika lao ni ubaguzi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 28, inampa kila mtu heshima yake. Kifungu cha 29 kinamlinda na ukatili, uwe wa serikali au wa raia. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kubuni kazi ya sanaa, na kinataja wazi kisicholindwa: propaganda ya vita, uchochezi wa fujo, na chuki. Kwa maneno mengine, anayeimba kuhusu maisha yake analindwa. Anayesimama pembeni akihamasisha umati umrukie, halindwi.

Kuna jambo moja ambalo sisi kama Waislamu wa Kenya hatufai kulisahau. Kalamu inayozima jukwaa haikai kwa mtu mmoja. Mwaka 2018 bodi ya filamu ilipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wanaopendana. Mahakama ikairuhusu ionyeshwe kwa siku 7 tu. Wengi tulisema inastahili. Aprili 2025 zamu ikawafikia wasichana wa shule ya upili ya Butere. Mchezo wao, Echoes of War, haukuwa na mapenzi ya jinsia moja. Ulikuwa unauliza maswali kuhusu uongozi. Hata baada ya Mahakama Kuu kuwaruhusu waigize, polisi walirusha vitoa machozi kule Nakuru, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka. Sababu inayotolewa hubadilika, leo maadili, kesho usalama, lakini anayenyamazishwa ni yule yule asiye na mtu wa kumtetea.

Na sisi je? Aprili 2014, wakati wa operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali na Waislamu, walikamatwa Eastleigh na kwingineko, wakawekwa uwanja wa Kasarani. Walioandika, waliolalamika na walioenda mahakamani hawakuwa Waislamu peke yao. Hawakutuuliza kwanza kama tunakubaliana nao kuhusu swala na funga. Waliona dhuluma wakasema ni dhuluma. Huku Kericho na Bomet sisi ni wachache sana. Siku tukitaka kuandaa maulidi uwanjani na jirani akasema "hao watatuletea shida", tutataka nani asimame nasi?

Mfano upo kwenye sira. Kabla ya utume, Mtume wetu (SAW) alihudhuria mapatano ya Hilful Fudhul Makka, nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa na mkubwa wa mji. Watu wakaapa kusimama na aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Hawakuwa Waislamu. Na baada ya Uislamu kuja, Mtume alisema angeitwa tena kwenye mapatano kama yale angeitikia. Hakuna aliyemuuliza yule mgeni mwenendo wake kwanza.

Basi kwa wale wanaotaka kuandaa, tunapendekeza haya.

Kwanza, nyimbo za jadi zina wenyewe. Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inataka ridhaa ya jamii kabla ya mtu kuzitumia kibiashara. Ukirekodi tamasha, andika jina la mwimbaji na kijiji chake, mpe nakala kabla hujaweka mtandaoni, na kama kuna pesa mkubaliane mapema. Yale ya miaka 65 yasijirudie na simu zetu mkononi.

Pili, msimtangaze mtu kwa kitu ambacho hakujitangaza mwenyewe. Kwenye bango aitwe mwimbaji, au mshairi. Mengine atasema yeye kama anataka. Kamera ziwe na mpaka, na asiyetaka kupigwa picha aheshimiwe.

Tatu, kama kuna mkutano wa hadhara, sheria inataka OCS apewe notisi ya siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14. Notisi ni taarifa, sio ombi la ruhusa. Iandikwe, ipigwe muhuri, nakala ibaki nanyi. Muwe na namba ya wakili na mjue njia ya kuwatoa wasanii kukiharibika.

Nne, tafuteni ukumbi usio wa kampuni, ili mama wa majani chai aweze kuongea na kesho aende kazini.

Tano, wazee waelezwe mapema na ukweli wote. Usimwalike mzee wa chepkong'o halafu ashtukie jukwaani. Akikataa, mheshimu. Akikubali, huyo ni ulinzi mkubwa kuliko mabaunsa kumi.

Na wewe ambaye hutahudhuria kwa sababu ya imani yako, hatukulaumu. Tunakuomba kitu kimoja tu. Ukiona kwenye grupu la WhatsApp picha ya msanii na maneno "huyu tumfundishe adabu", usiisambaze. Mwambie aliyeituma aifute, na mjulishe anayetafutwa ili ajikinge. Hapo umelinda nafsi, na hujavunja hata nguzo moja ya dini yako.

Wabillahi tawfiq.