Majivu Hayaombi Viza



Muhula ukikaribia kwisha mazungumzo yetu huwa ni yale yale: tiketi. Nani kapata bei ya chini kupitia Addis, nani anakwenda moja kwa moja Nairobi, nani kaamua kubana matumizi na kupanda basi pale Park Station mpaka Lusaka, halafu aitafute Tunduma kwa uwezo wa Mungu. Tunahesabu randi, tunapima mabegi kwenye mizani ya kuazima, tunakumbushana viza. Volkano haimo kwenye mazungumzo hayo. Kwani volkano si mambo ya Iceland na Indonesia? Hapana jamani. Ni mambo yetu, na mimi nadai kwamba serikali zetu za Afrika Mashariki zinayachezea.

Tuanze na la karibuni. Jumapili tarehe 23 Novemba 2025, mlima uitwao Hayli Gubbi, kule Afar nchini Ethiopia, ulilipuka. Wataalamu hawakuwa na kumbukumbu ya mlipuko wake wowote katika miaka kama 12,000 iliyopita. Majivu yalipanda mpaka kilomita 14 hivi, yaani juu kuliko zinakoruka ndege za abiria. Upepo ukayabeba kuvuka Bahari ya Shamu, Yemen na Oman, na kufikia usiku wa tarehe 24 yalikuwa kwenye anga la Delhi. Air India ikafuta safari 11 ili ikague ndege zake. Akasa nayo ikafuta safari za Jeddah, Kuwait na Abu Dhabi. Mlima ambao hata sisi majirani wengi wetu hatukuwahi kulisikia jina lake, ukamzuia fundi wa Kihindi asiende kazini Ghuba! Na wafugaji wa Afdera, ambao hawakuwa na tiketi ya kwenda popote, walibaki na malisho yaliyofunikwa na vumbi. Habari yao ilipita haraka.

Kuna watakaouliza: majivu tu, ndege itashindwa nini? Neno lenyewe ndilo linatudanganya. Haya si majivu ya jikoni. Ni mwamba na kioo vilivyosagwa mpaka vikawa unga. Ndani ya injini ya jeti joto linazidi nyuzi 1,400, kwa hiyo unga ule unayeyuka, halafu unakwenda kuganda kwenye sehemu za nyuma zilizopoa kidogo na kuziba njia ya hewa. Rada ya hali ya hewa iliyomo ndani ya ndege kazi yake ni kutafuta maji; vumbi kavu hailioni. Usiku wa tarehe 24 Juni 1982 Boeing 747 ya British Airways ilipita kwenye majivu ya mlima Galunggung, kisiwani Java. Injini zote nne zilizimika. Ilishuka bila injini kutoka kilomita 11 hadi kama 4 ndipo zikaanza kuwaka tena, ikatua Jakarta huku marubani hawaoni sawasawa kwa sababu kioo cha mbele kilikuwa kimekwanguliwa kama kwa msasa. Wote walipona. Kwa hiyo rubani akikataa kuruka usimwite mwoga.

Sasa turudi 2010, mwaka ambao Johannesburg nzima ilikuwa inawaza mpira. Tarehe 14 Aprili, Iceland, mlima Eyjafjallajökull (sitamlazimisha mtu kulitamka) ulianza kurusha majivu, na kesho yake anga la Ulaya likaanza kufungwa. Kwa siku sita hivi safari kama 100,000 zilifutwa, na abiria wapatao milioni 10 wakakwama. Hapa O.R. Tambo safari za London zilisimama, Kombe la Dunia likiwa limebakiza miezi miwili. Picha tulizoziona ni za Wazungu wamelala sakafuni kwenye viwanja vya ndege. Sawa, poleni zao. Lakini mimi jicho langu liko Naivasha.

Waridi la Naivasha halina subira. Linakatwa, linaingizwa kwenye chumba cha baridi, linapakiwa kwenye lori mpaka uwanja wa Jomo Kenyatta, linaruka, na baada ya muda mfupi liko mnadani Uholanzi. Mnyororo mzima umepangwa kwa saa. Anga la Ulaya lilipofungwa, ua lilikuwa limeshakatwa. Vyumba vya baridi vikajaa, maua yakatupwa kwenye mboji tani kwa tani, na michirizi na njegere changa zilizokuwa ziende kwenye maduka makubwa ya Uingereza zikakosa mlaji. Hasara ilitajwa kuwa dola milioni 2 hadi 3 kwa siku. Vibarua wakaambiwa wakae nyumbani mpaka ndege ziruke, na kibarua akikaa nyumbani hana mshahara. Hakuna hata chembe moja ya majivu yale iliyoanguka Kenya. Jua lilikuwa linawaka, mbingu safi kabisa, na mama wa watoto watatu pale Karagita hana kazi kwa sababu ya mlima ulioko kwenye barafu huko kaskazini ya dunia.

Tazameni na jinsi anga lilivyofunguliwa. Kabla ya hapo kanuni ilikuwa moja tu: penye majivu hapapiti ndege. Tarehe 20 Aprili, mashirika ya ndege yakiwa yanalia hasara kila siku, Uingereza ikatumia kiwango kipya, kwamba majivu yasiyozidi gramu 0.002 katika mita moja ya ujazo ndege inaweza kupita. Sisemi kiwango ni kibaya, watengenezaji wa injini walikikubali. Nasema waliokizungumza ni wenye anga, wenye ndege na wenye injini. Mchuma waridi hakuwa na kiti pale.

Na sisi wasafiri je? Sheria ya Umoja wa Ulaya inamlazimisha mwenye ndege akupe chakula na mahali pa kulala safari ikifutwa, hata kama sababu ni volkano. Lakini sheria hiyo inakuhusu ukiwa unaondoka Ulaya, au unakwenda huko kwa shirika la Ulaya. Ukiwa O.R. Tambo na tiketi ya shirika lisilo la Ulaya, hiyo si sheria yako. Halafu ipo ile ya pasi. Mwaka ule waliokwama Frankfurt bila viza ya Schengen hawakuweza kutoka kwenda hoteli, walilala kwenye vitanda vya kukunja humo humo ndani ya eneo la kubadilishia ndege. Majivu yanavuka mipaka 10 bila kuulizwa, wewe mwenye pasi ya Tanzania au Uganda unazuiwa na mlango wa kioo.

Hata hapa Afrika Kusini chunga. Tangu kanuni za uhamiaji za 2014, ukipitisha muda wa kibali chako kwa siku zisizozidi 30 unaweza kufungiwa kurudi kwa miezi 12. Ukizidisha hapo ni miaka 5. Rufaa ipo, lakini rufaa inataka karatasi. Kwa hiyo ndege ikifutwa, dai barua ya shirika yenye tarehe na sababu. Usiondoke kaunta bila hiyo barua. Wenzetu wengi wananunua tiketi ya siku ya mwisho kabisa ya kibali, eti ni bei nafuu. Ndugu zangu, acha hata siku tano.

Lakini hayo ni ya msafiri mmoja mmoja. Hoja yangu kubwa ni hii: nani anatuangalizia? Duniani kuna vituo tisa vinavyotoa tahadhari za majivu kwa ndege. London, Toulouse, Washington, Anchorage, Montreal, Buenos Aires, Darwin, Tokyo, Wellington. Hesabu tena kama unatafuta cha Afrika. Hakuna. Anga la Afrika linatazamwa kutoka Toulouse, Ufaransa. Wanafanya kazi nzuri, sina ugomvi nao. Ila satelaiti inakuambia mlima umelipuka. Haikuwekei sikio ardhini usikie mlima unapojiandaa. Na hata huko kuambiwa umelipuka kuna matatizo yake. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Juni 2011 mlima Nabro, Eritrea, ulilipuka kwa mara ya kwanza katika historia iliyoandikwa. Ulitoa gesi ya salfa nyingi sana, miongoni mwa kiasi kikubwa zaidi kupimwa tangu Pinatubo ya 1991. Safari za eneo lile zikavurugika, hata Hillary Clinton, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akakatisha ziara yake na kuondoka Addis mapema. Na mwanzoni dunia nzima ilitaja mlima mwingine! Taarifa zilisema ni Dubbi, jirani yake. Karibu na Nabro hapakuwa na kipimo cha mitetemeko cha kusema lolote. Mlima unalipuka na watu hawajui jina lake.

Sasa rudini nami Naivasha. Juu ya mashamba yale yale ya maua umesimama mlima Longonot. Ni volkano. Watafiti waliotumia satelaiti waligundua kwamba kati ya 2004 na 2006 ulivimba kwa takriban sentimita 9. Hiyo haina maana kwamba utalipuka kesho, milima hii huvimba na kutulia. Lakini ni nchi ya ajabu kidogo ambayo mwaka 2010 ililia kwa sababu ya volkano ya Iceland huku yake imekaa mgongoni, tena pembeni ya Olkaria ambako joto la ardhi hiyo hiyo linazalisha umeme. Jaribu kufikiria wingu la Longonot likielekea Jomo Kenyatta. Safari ngapi za Afrika Mashariki zinapita pale? Upande wa Tanzania, Ol Doinyo Lengai ulitetemesha ardhi Julai 2007 mpaka watu wa Nairobi wakatoka maofisini, na kuanzia Septemba ukarusha majivu mpaka mwaka uliofuata.

Kuna watakaoniambia pesa iende kwenye malaria na madawati. Hoja hiyo naiheshimu, ila nawaomba watazame Goma. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika sehemu ya njia ya kurukia ndege. Tarehe 22 Mei 2021 ilirudi usiku, ikasimama karibu na uwanja ule ule, na watu zaidi ya 30 wakafa. Tahadhari haikutolewa. Ufadhili wa Benki ya Dunia kwa kituo cha kuchunguza volkano cha Goma ulikuwa umekwisha 2020, kikakaa miezi kadhaa bila hela ya intaneti ya kupokea data kutoka kwenye vipimo. Ya intaneti! Kusema haki, wachunguzi baadaye walionyesha kwamba dalili za wazi zilianza chini ya saa moja kabla, kwa hiyo hata kituo kilicho kamili kingepata shida. Nakubali. Lakini nusu saa ya kumwamsha mtoto na kukimbia si kitu kidogo, na asiye na intaneti hawezi kutoa hata dakika tano.

Pesa ipo, na haitoki kwenye madawati. Kila ndege inayokatiza anga la Tanzania, Kenya au Uganda, hata isipotua, inalipa ada ya kuongozwa. Chukueni sehemu ndogo ya ada hiyo, iwe fungu la vipimo na mishahara ya wanaovisoma. Anayefaidika ndiye anayelipa. Jumuiya ya Afrika Mashariki tayari ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, pale Entebbe. Na Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, maana yake Nyiragongo nao sasa ni mlima wa Jumuiya. Iceland yenyewe, inayojua milima yake mmoja mmoja, ina watu wachache kuliko Soweto.

Afrika Kusini haina volkano hai isipokuwa kule kisiwa cha Marion, mbali baharini kusini. Hata hivyo hapa Wits wapo watu wanaosoma mitetemeko, kwa sababu ya migodi. Kifaa kinachosikia mwamba ukipasuka chini ya Carletonville kinaweza kusikia Lengai. Wenzetu mlioko Geosciences, tuandikieni toleo lijalo: vipimo vitano vya kuzunguka mlima mmoja, laini ya intaneti isiyokatwa, na watu wawili wa kuvisoma, ni kiasi gani kwa mwaka? Mkitupa tarakimu, kamati iandike barua na tuipeleke wenyewe kwenye balozi zetu pale Pretoria kabla ya likizo ya Desemba.