Faida ya Pirates Irudi Uwanjani

Klabu ya besiboli ya Pittsburgh Pirates haijatwaa ubingwa wa Marekani tangu 1979. Kuanzia 1993 hadi 2012 ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda kwa misimu 20 mfululizo, na mashabiki hawakuitupa. Uwanja wake, uliofunguliwa 2001, ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za umma. Tena klabu hupokea mgao wa mapato ya klabu tajiri, ambao mkataba wa ligi na wachezaji unataka utumike kuinua kiwango cha timu. Mwaka 2018, baada ya nyota Gerrit Cole na Andrew McCutchen kuondolewa, chama cha wachezaji kilizilalamikia Pirates na klabu nyingine tatu kuhusu matumizi ya fedha hizo.

Ni kweli, Tampa Bay Rays walifika fainali 2008 na 2020 kwa bajeti ndogo. Hilo halimpi mmiliki tajiri ruhusa ya kubana mkoba. Pirates wanaye Paul Skenes, aliyeshinda tuzo ya mrushaji bora, Cy Young, 2025. Mmiliki, Bob Nutting, amzungushie wachezaji wa hadhi yake. Akisema faida haipo, aweke hesabu za klabu hadharani.